Gunia la Kambi ya Tlawi

Perpetua alimsalimia kila mtu uwanjani isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akiingojea shikamoo yake kuliko wote.

Alimpa mkono Nicodemo mwenye nyumba. Akainama kumwamkia mama yake Nicodemo aliyekuwa akiota jua mlangoni. Akamsalimia mwalimu Basili kwa kifupi, maana na huyo alikuwa na lake naye. Akamsalimia hata Gidahosh, aliyejitenga juu ya tairi bovu la trekta, fimbo mapajani, akiwatazama wenzake kana kwamba ameajiriwa kuhakikisha hawaibi kitu. Alipofika mbele ya katekista Hermani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, koti zito mwilini, alimtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya uzio, akapita. Hermani alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa ajili ya marahaba. Ikabidi aufunge.

Watu waliona. Kule kwao mtu hamnyimi mkubwa wake shikamoo hata kama wana kesi barazani. Lakini siku ile ilikuwa siku ya furaha, kwa hiyo kila mmoja akajifanya anatazama mlima.

“Mama Hilaria!” Nicodemo alipaza sauti, mikono imetanuka. “Miaka mingapi hujaja kwetu? Tulidhani umetususa.”

“Niliwasusa kweli,” Perpetua alijibu. “Leo nimekuja.”

Akakaa kwenye benchi, kifurushi chake kimefungwa kwa khanga kuukuu, akakibana kwapani.

Walijiita Ushirika wa Watumishi wa Kambi. Zamani, parokia yao ya milimani ilikuwa ikiweka kambi ya watoto pale Tlawi kila likizo ya mwezi wa sita: mahema, nyimbo, mpira, mafundisho ya dini, uji asubuhi na makande jioni. Kambi yenyewe ilikwisha kufa, lakini waliowahi kuitumikia waliendelea kukutana kila mwaka baada ya mavuno. Mwaka huu wa 1985 ilikuwa zamu ya Nicodemo, aliyekuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na ndiyo maana wamekutana Masakta, kwenye uwanja ambao ukitoka nje ya uzio wake hukuti kitu ila mabua ya ngano iliyokatwa, mpaka macho yachoke. Lengo la mkutano, kwa maneno ya Nicodemo, lilikuwa kucheka mpaka mbavu ziombe radhi. Na kusema kweli walikuwa na jambo moja tu la kuchekea. Jambo hilo lilikuwa Perpetua.

Perpetua ndiye aliyekuwa mpishi wa kambi. Mwaka wa 1974 chakula kilipungua siku sita kabla ya kufunga. Hermani, aliyekuwa kiongozi, akateremka Hanang kwenye shamba moja la ngano alikokuwa na binamu yake, kibarua wa ghala. Akarudi siku ya pili nyuma ya lori, amekalia gunia la ngano kama mfalme. Watoto wakampokea kwa vigelegele. Gunia likaingizwa jikoni, na jikoni mlikuwa na Perpetua na msaidizi wake Genoveva, wote wawili hawajui a wala be. Perpetua akamimina ngano kwenye beseni, akatia maji, na maji yakawa mekundu. Si wekundu wa udongo, huo anaujua tangu azaliwe. Ulikuwa wekundu wa kitambaa kipya kinachochuja. Akamwita Hermani. Hermani akachungulia beseni, akasema, “Vumbi la gunia hilo. Osha tena.”

Akaosha mara tatu. Mara ya tatu wekundu ulikuwa umefifia, watoto nje wanagonga sahani. Akachemsha na maharage, akapakua.

Kabla sahani hazijakauka, kambi nzima ilikuwa imeinama vichakani. Watoto arobaini na watatu walilazwa zahanati, wengine wawili wawili kitanda kimoja, na watumishi wakalazwa chini. Ilichukua siku tatu wote kusimama tena, na ni Mungu tu kwamba hakufa mtu. Parokia ilipouliza kulikoni, Hermani alisimama mbele ya watu akajibu kwa maneno matatu: “Mpishi hakuosha sufuria.” Juu ya maji mekundu hakusema lolote. Genoveva naye aliyaona maji yale kwa macho yake mawili, lakini siku hiyo alikuwa na kazi kubwa ya kutazama vidole vya miguu yake. Perpetua alifukuzwa saa ileile. Hakuwa na mfuko, kwa hiyo alitia nguo zake kwenye gunia tupu la ngano, akaondoka nalo. Mwiko wake akapewa Genoveva.

Wenye hadithi wangeishia hapo. Lakini milimani jambo la namna hii haliishii. Kwenye arusi na misiba ya Tlawi wanawake hugawana kazi, na anayeshika mwiko wa sufuria kubwa ni mtu anayeaminiwa roho za watu. Kwa miaka kumi na mmoja Perpetua aliteka maji, alichanja kuni, aliosha vyombo vya watu mia mbili peke yake. Mwiko hakuupata. Akisogea karibu na sufuria, mtu humwambia kwa upole, “Pumzika dada.” Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Mkutano wa kwanza wa ushirika alihudhuria, akakuta Nicodemo amemtungia wimbo. Hakwenda tena.

Sasa binti yake Hilaria alikuwa anaolewa. Zimebaki wiki tatu. Bwana arusi ni kijana wa mwalimu Basili wa Bashay, huyuhuyu Basili aliyekuwa akichezesha watoto mpira kambini na aliyetapika kuliko wote. Na Basili alituma neno, kwa heshima zote, kwamba upande wao ungefurahi kama sufuria zingesimamiwa na Genoveva, na mama wa bibi arusi apumzike tu siku hiyo, ni mgeni wa heshima. Perpetua alisubiri binti yake akasirike. Hilaria alikuwa anasuka nywele, hakuinua hata uso.

“Mama, acha tu,” alisema. “Genoveva apike. Kwani kuna nini?”

Hapo ndipo Perpetua alipokata shauri. Angepika kwenye arusi ya mwanawe, au kila mtu angejua kwa nini hakupika.

Na silaha alikuwa nayo. Lile gunia alilifua siku alipofika nyumbani, akalitandika chini ya godoro la majani, likakaa huko. Halafu miaka miwili iliyopita aliingia darasa la elimu ya watu wazima pale shule ya msingi. Alianza kwa aibu, akamaliza kwa ubishi, na sasa mwalimu alikuwa akimwachia yeye wanafunzi wanaoanza. Mwezi wa tatu mwaka huu alianika matandiko juani, akatundika gunia kwenye uzio, na macho yake, ambayo siku hizi hayaoni herufi yakaziacha, yakatua juu yake. Rangi ilikuwa imepauka lakini haikuwa imekufa. Akaweka kidole. M-be-gu. I-me-ti-wa su-mu. Si cha-ku-la.

Alisoma mara nne. Kisha akakaa chini kwenye nyasi.

Hermani anajua kusoma. Hilo ndilo lililomkaa kooni tangu siku ile. Kambini kila asubuhi alikuwa akisimama mbele ya watoto, kitabu kifuani, macho yameinuliwa juu, anasoma Injili bila kukosea nukta, na mke wake Natalia amesimama kando yake kama mlinzi. Mtu anayesoma namna ile aliona maandishi makubwa ya gunia. Aliona, akanyamaza, akalisha watoto, kisha akambebesha mpishi. Perpetua alimchukia kwa miezi mitano mfululizo, chuki safi, isiyo na vumbi. Alipika nayo, alilala nayo. Na leo ameileta Masakta imefungwa kwenye khanga.

Upande wa jikoni moshi ulikuwa unapanda. Perpetua aliinuka akaenda. Genoveva alikuwa amesimama juu ya sufuria ya pilau ya ngano iliyokobolewa, amenenepa, mwiko mkononi kama rungu la mkuu wa polisi.

“Nikusaidie?”

“Ah, kaa tu dada,” Genoveva alisema haraka, akasogea kuziba sufuria kwa mgongo. “Wewe leo mgeni.”

“Umri wako wote unanigeuza mgeni, Genoveva. Nilipokufundisha kupakua uji bila kumwaga, nilikuwa mgeni pia?”

Genoveva alikoroga kwa bidii chakula kisichohitaji kukorogwa.

Nicodemo alipiga makofi kuita watu wakae. Aliwakaribisha, akasifu mvua, akaisifu kombaini yake kuliko mvua. Gidahosh akamkatiza kutoka kwenye tairi lake.

“Hapo uliposimama baba yangu alichunga,” alisema. Alikuwa Mbarbaig wa bonde lile, zamani mlinzi wa kambi na mchunga mbuzi wa maziwa ya watoto. “Ng’ombe mia mbili. Sasa trekta. Mimi leo naitwa hapa kula ngano, niseme asante.”

“Sema asante basi,” Nicodemo alicheka, na wengine wakacheka naye.

“Nitakula kwanza,” Gidahosh alisema. Yeye hakuwa amecheka.

“Katekista atusomee neno kabla ya chakula,” Nicodemo aliendelea, akamnyoshea kitabu.

Hermani aliinua kiganja. “Leo asome mwalimu. Natalia amenitoka, amekwenda Bashay kumuuguza binti yetu aliyejifungua, na macho yangu haya, vumbi la ngano limeyamaliza.”

Basili akasoma. Hermani aliinamisha kichwa, na kila Basili alipofika mwisho wa mstari, midomo ya Hermani ilikuwa imekwisha kufika. Perpetua aliiona ile midomo, akaidharau. Mnafiki, alijisemea, hata macho mabovu anayatumia kujipamba.

Amina ilikuwa bado hewani Nicodemo alipoanza wimbo. Aliuanza kwa mluzi, halafu kwa makofi, na watu kumi wazima wenye watoto na wajukuu wakaupokea kwa furaha.

*Perpetua, Perpetua,*
*sufuria umeiosha?*
*Tumbo langu lakuuliza,*
*mbona hulijibu?*

Waliimba wakitazamana, wakisukumana mabega. Mmoja alijishika tumbo akajifanya anakimbilia kichakani, watu wakavunjika mbavu. Basili, baba mkwe mtarajiwa wa Hilaria, alicheka akiwa amefunika mdomo, maana alikuwa na adabu. Hermani hakuimba. Alikuwa anatabasamu tu, tabasamu la mtu anayesubiri mvua ipite.

Perpetua alisimama katikati ya ubeti wa pili.

“Leo linajibiwa,” alisema.

Hakupaza sauti, lakini wimbo ulikatika. Alifungua khanga. Akalikunjua gunia, akalikung’uta mara moja kwa nguvu hadi waliokaa mbele wakarudi nyuma.

“Mnalijua hili? Hili ndilo gunia la ngano ile. Ngano mliyoitapika. Niliondoka nalo nimefungia nguo zangu, nikalilalia miaka kumi na mmoja bila kujua nimelalia nini.” Aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Hermani machoni. “Katekista. Wewe ndiye uliyelileta. Wewe ndiye msomi wetu. Watu wanaimba, wanauliza, mimi sijibu. Basi wajibu wewe. Soma.”

Akamtupia magotini.

Hermani alilishika gunia kwa mikono miwili. Watu walisogea. Kuku wa Nicodemo walikuwa wanaparua nyuma ya ghala, na ndio peke yao waliosikika.

“Macho yangu…” Hermani alianza.

“Herufi zenyewe ni kubwa kama vidole vyangu. Soma.”

Alilitazama. Perpetua alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, amejiandaa kuufaidi uso wake utakapobadilika, na kwa sababu alikuwa karibu hivyo, aliona jambo ambalo hakulitegemea. Macho ya Hermani hayakutembea. Yalitua katikati ya neno, yakabaki hapohapo, yakitafuta mlango. Perpetua aliyajua macho yale. Aliyaona kila Jumanne na Alhamisi pale darasani, kwa wazee na kina mama wanaoanza. Aliwahi kuwa nayo.

“Ngano,” Hermani alisema, kwa sauti yake ileile nzuri ya kanisani. “Ngano safi ya shamba la serikali.”

Hajui, Perpetua alijisemea. Huyu mtu hajui kusoma. Kile kitabu kifuani, yale macho mbinguni, Natalia asiyebanduka kando yake. Mke alikuwa akimsomea jioni, mume akikariri, asubuhi watoto wakiamini. Siku ile ya 1974 alikuwa amekalia sumu safari nzima na hakuijua.

Chuki yake ya miezi mitano ilisimama pale imeshikilia rungu, haina wa kumpiga.

“Leta hapa,” Basili alisema. Alikuwa ameinuka, amekunja uso. Mwalimu mkuu wa shule hawezi kuacha maandishi yasomwe vibaya mbele yake. Alilichukua gunia, akaligeuza lielekee jua, na watu wakaona rangi inamtoka usoni kabla hajafungua mdomo. Aliposoma, alisoma kwa sauti ya chini. “Mbegu. Imetiwa sumu. Si chakula.”

“Rudia,” alisema Nicodemo.

“Mbegu! Imetiwa sumu! Si chakula!”

Hakuna aliyekumbuka kucheka. Gidahosh alishuka kutoka kwenye tairi.

“Mbuzi yangu alikunywa maji ile nyekundu,” alisema. “Huyu mama alimwaga nyuma ya jiko, mbuzi akanywa. Akalala, hakuamka. Nilikwambia wewe, Katekista. Ukasema, mbuzi yako mzee.”

“Maji gani mekundu?” Basili aliuliza. Halafu akili yake ikafika ilikokuwa ikienda, akamgeukia Hermani. “Ngoja. Ulisoma haya?”

Hermani alilivuta koti lake kifuani.

“Nakuuliza! Ulisoma maneno haya, ukatuletea tule? Na watoto wale? Na sasa hivi, mbele yetu, umejaribu kuyaficha tena, eti ngano safi?”

“Sikujua,” Hermani alisema.

“Hukujua vipi? Umekalia gunia njia nzima!”

“Mdogo wangu alikuwa kambini,” mtu mmoja alisema nyuma. “Miaka saba alikuwa nayo.”

“Muuaji,” mwingine alisema. Neno lile likapita mdomo hadi mdomo. Watu walewale waliokuwa wanasukumana mabega dakika tano zilizopita sasa walikuwa wamesimama duara kumzunguka mzee mmoja, na Nicodemo, mcheshi wa ushirika, alikuwa amekunja ngumi. Mtu akataja polisi wa Katesh.

Hermani hakujitetea. Neno moja tu lingemtoa pale, na neno hilo lingemvua ukatekista, kiti cha mbele kanisani na marahaba zote za Tlawi. Kisha akamtazama Perpetua. Miongoni mwa wote waliokuwa uwanjani, alijua ni nani aliyeyaona macho yake.

Na Perpetua alinyamaza.

Tusimpambe. Alinyamaza kwa kupenda, na ilikuwa tamu. Mtu anaitwa mtia sumu kwa kosa ambalo si lake, na pembeni amesimama mwenzake anayejua ukweli, anatazama vidole vya miguu. Aliijua hali ile yote, ndani na nje. Alitaka Hermani aionje mpaka ifike kwenye mifupa. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alipofika ya kumi, utamu ulikuwa umeisha, na kilichobaki mdomoni kilikuwa kama maji ya sufuria iliyoungua.

“Kaeni chini,” alisema.

Hawakukaa, ila walimgeukia.

“Katekista, nikuulize swali moja, mbele ya hawa. Maji ya ile ngano yalikuwa na rangi gani?”

“Mekundu.”

“Nani alikuonyesha?”

“Wewe. Uliniita. Ulinionyesha beseni.” Sauti ya kanisani ilikuwa imemkimbia, alikuwa na sauti ya mzee tu. “Nikakwambia ni vumbi. Ukaosha mara tatu, nilikuona. Sufuria ulikuwa umeiosha, nayo nilikuona.”

“Mbona ulisema sikuosha?”

“Niliogopa. Nilileta mimi ile ngano. Gidahosh aliponiambia habari ya mbuzi, nikajua ni ile ngano. Nikaogopa zaidi.”

Genoveva, aliyekuwa amekuja na mwiko unaodondosha pilau, alianza kulia. Perpetua hakumtazama.

“Mmesikia,” aliwaambia wengine. “Sasa sikieni na hili. Huyu ni mwongo. Alinipaka matope miaka kumi na mmoja, na mimi sijamsamehe, msije mkaniombea nimsamehe leo. Lakini si muuaji. Hakusoma gunia, kwa sababu hajui kusoma.”

Basili alifungua mdomo. “Katekista?”

“Hajui. Muulizeni.”

Hapakuwa na haja ya kumuuliza. Hermani alikuwa amefunika uso kwa viganja, na mabega ya koti lile zito yalikuwa yanacheza. Ngumi za watu zilifunguka moja moja, wasijue waziweke wapi. Nicodemo alitazama chini. Huenda alikuwa anautafuta wimbo wake, aukanyage.

Basili alilikunja gunia taratibu, akalirudisha kwa Perpetua kwa mikono miwili.

“Mama Hilaria, lile neno tulilotuma…”

“Mlilituma kwa mjumbe,” Perpetua alimkata. “Lirudisheni kwa mjumbe. Nitakuwa jikoni, atanikuta.”

“Atakuja kesho,” Basili alisema.

“Na mwambie mwanao aje arusini na njaa.”

Alimwendea Genoveva, akanyosha mkono. Hakuomba. Genoveva alimpa mwiko, bado analia, akafuta pua kwa ncha ya khanga. Perpetua alitembea nao mpaka jikoni, watu wakimpisha, akafunua sufuria, akachota kidogo kiganjani, akaonja. Wote walikuwa wakimtazama.

“Haina chumvi,” alisema.

Akatia chumvi, akakoroga, akaonja tena. Halafu akawaita waje na sahani. Kwa muda hakuna aliyesogea. Wa kwanza alikuwa Gidahosh, ambaye kambini hakuwahi kuonja chakula chao, alikuwa akinywa maziwa yake tu. Alisimama mbele ya sufuria, akashika sahani kwa namna asiyoizoea, akapakuliwa, akala palepale kwa kusimama, akaongezwa. Ndipo wengine wakapanga mstari. Waliomba radhi wakiwa wanapakuliwa, mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Perpetua aliitikia, “Haya, sogea, wenzako wana njaa,” na moyo wake ukabaki mgumu vilevile.

Hermani alikuja mwisho kabisa. Hakuna aliyetaka kusimama karibu naye, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya watu watatu kati yake na mstari.

Perpetua alichovya mwiko kwenye sufuria.

“Shikamoo,” alisema, kavukavu.

“Marahaba,” Hermani alijibu. Haikusikika vizuri.

Akampakulia. Hakumpunja na hakumzidishia. Hermani hakuondoka. Alitazama nyuma, akatazama sahani yake, kisha akanong’ona.

“Lile darasa lenu pale shuleni. Siku gani?”

“Jumanne na Alhamisi, saa kumi,” Perpetua alisema, akifunika sufuria. “Wanaoanza ni wangu. Njoo na kiti chako.”